Glavu ya Mkono wa Kulia

Jua likizama, Kimya alirudi karakanani kutafuta glavu ya marehemu shemeji yake. Dada yake ndiye aliyemtuma. Mumewe alizikwa na ya kushoto, maana ilikataa kutoka kwenye kiganja kilichopondwa. Ya kulia haikuonekana.

"Kila nikifumba macho naiona," dada alinong'ona. "Niletee."

Kimya hakubisha. Tangu ajali ile hakuhisi kitu, si njaa wala uchungu. Watu walimsifu kwamba amejikaza kisabuni. Wapi! Alikuwa amekufa ganzi tu.

Yeye ndiye aliyeendesha winchi. Shemeji alisimama chini akimpa ishara, na pale karakanani dereva wa winchi hasikilizi kelele za mtu, anatazama glavu. Siku ile mdomo wa shemeji ulipiga ukelele wa simama. Glavu yake ikasema shusha. Kimya akaifuata glavu. Vyuma vilivyoning'inia kwenye winchi vikagonga mashine, vikachomoka kwenye mkanda, vikamwangukia.

Kesho mdogo wao angeshika nafasi ile ya shemeji.

Ndani kulinuka grisi... na udongo mbichi.

Kre... kre... Mnyororo ulikuwa ukicheza, na upepo haukuwapo.

Akainua macho. Juu kabisa, kwenye ndoano ya winchi, ilining'inia glavu ya rangi ya chungwa.

Akashika rimoti ya winchi, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba, akaishusha. Ilipofika usawa wa uso wake, vidole vya glavu vikajikunja polepole. Ngumi. Simama.

Akasimamisha.

Ikafunguka, kiganja chini. Shusha.

Akashusha bila kuwaza, mpaka ndoano ikagusa sakafu, pale pale kwenye doa la damu lililosuguliwa likagoma kutoka. Akaichukua glavu, akaenda zake. Hata hofu ilimpita kando.

Dada aliipokea mlangoni, akaigeuza. Udongo ukamwagika miguuni pake.

"Hii ya kushoto," akasema taratibu. "Hii tulimzika nayo."

Sebuleni, mdogo wao alikuwa akijaribu ya kulia. Ilimkaa sawasawa. Alisema amepewa na mtu mmoja mpole njiani, aliyemwelekeza pia pa kusimama kesho.

Kimya alitaka kumwambia avue.

Mdogo wake akacheka, akainua mkono, akageuza kiganja chini.

Kidole gumba cha Kimya kikabonyeza hewa.