Mashine Kubwa ya Silasi na Kijiti cha Levina

Ndugu zangu, nyumba ya Silasi pale Cheyo ilikuwa na amani. Silasi, fundi mstaafu wa reli, alilitengeneza gari lake mwenyewe uani kila lilipoharibika, na mkewe Levina aliliendesha kubeba ndoo za asali kutoka Kaliua. Walikula na kusali pamoja, hadi asubuhi moja taa ya injini ilipowaka na gari likaishiwa nguvu.

Kosa la Silasi lilikuwa la kiume, nanyi wanaume wenzake mnalijua. Bila kumuuliza mtu, alichukua fedha za kubadilishia bati bovu la jikoni, akanunua mashine ya kupimia magari, pana kama sinia, yenye kioo cha rangi na sanduku lake. Muuzaji aliapa kwamba inasoma magari yote. Haikusoma la Silasi. Kuirudisha akaona aibu, akaanza kubahatisha: akabadilisha plagi, kisha pampu ya mafuta. Taa haikuzimika, na mvua ikaendelea kuingia jikoni. Mwishowe akamwita dalali aje Jumamosi alichukue gari, yaani riziki ya nyumba nzima.

Sasa msikieni mwanamke huyu. Levina hanunui asali kwa macho. Huzamisha kijiti mpaka chini ya ndoo, maana wajanja huweka nzuri juu na sukari guru chini. Ijumaa alimwambia mumewe aliwashe gari hivyo hivyo likikohoa, waende mjini.

Duka la kwanza la vifaa vya magari walionyeshwa kifaa kidogo cha kupimia.

"Kichomeke kwenye gari langu kwanza," alisema Levina. "Kikisoma, nalipa."

Muuzaji akakataa. Duka la pili kilichomekwa kingine, hakikusoma kitu. La tatu, mzee Nassibu alichomeka kidude kisichojaza kiganja, akakiunganisha na simu ya Levina, na namba ya hitilafu ikatokea: sensa ya hewa, yaani kipimo cha hewa iingiayo kwenye injini. Nassibu alitaka kuifuta ili taa izime, Levina akamzuia mpaka alipoiandika. Kisha akakilipia kidude; bei yake haikufika hata ya zile plagi.

Nyumbani Silasi aliifuata namba hadi kwenye waya wa sensa. Panya, waliovutwa na harufu ya asali, walikuwa wameutafuna. Akauunga, na gari likanguruma kama zamani. Silasi alikaa chini pale pale, mikono ina grisi, akimwonea mkewe fahari.

"Miaka thelathini nimeshika spana," alisema, "na nimefundishwa na kijiti."

Dalali alipofika Jumamosi, gari lilikuwa njiani kwenda Kaliua. Silasi alikuwa juu ya paa la jiko, akiziba tundu kwa mfuniko wa sanduku la ile mashine kubwa.

FUNZO

Kifaa bora ni kile kinachoelewana na gari lako, hata kiwe kidogo. Kijaribu kabla ya kulipa, andika namba kabla ya kuifuta, na kagua waya kabla ya kununua spea. Tena, kuuliza si ujinga. Silasi angemuuliza mkewe siku ya kwanza, jiko lisingevuja.