Gundi Haijashika

Nilikuwa nakwenda kanisani jioni kutengeneza benchi, mke wangu akanizuia mlangoni. Waumini wote walikwishahamia kwa mganga, wakarudi wamefungwa nyuzi nyeusi mkononi. Uzi wa mke wangu ulikuwa na wiki moja.

"Baba watoto, funga na wewe. Mganga amesema asiyefunga ataitwa leo jua likizama. Akigeuka, harudi."

"Basi sitageuka."

"Wenzako wote wamefunga."

"Wenzangu wakijitosa kisimani, nami nijitose?"

Nikabeba sanduku langu la vifaa.

Kanisani nilipaka gundi kwenye kiungo cha mguu wa benchi la mbele, kisha nikaketi juu yake ili uzito wangu ukibane. Ndivyo nifanyavyo nikikosa jiliwa la kubania. Ukiinuka mapema, kazi bure.

Mwanga ukafifia dirishani.

Kiii.

Nyuma yangu. Mabenchi yale niliyaunda mimi, kila moja nalijua linavyolia. Lile hulia hivyo akilikalia mama mkwe.

Kiii... ko. La shemeji.

Yakalia yote, moja baada ya jingine, kama Jumapili za zamani. Ila hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyepumua. Harufu tu... ya nywele zilizoungua.

Kisha benchi la mgongoni pangu. Na sauti ya mke wangu, sikioni kabisa.

"Baba watoto. Geuka."

Hasira zikanipanda, sifichi.

"Gundi haijashika," nikasema.

"Inuka twende. Umebaki peke yako."

"Bwana wangu hakufa msalabani ili mimi nifungwe uzi kama mbuzi. Nyamaza, nasali."

Nikasali Baba Yetu kwa sauti, meno yakigongana. Mwisho nikanyamaza, kwa mazoea, ili wenzangu waitikie.

Kimya...

Halafu mmoja tu, kwa shida, kama aliyekabwa.

"Amina."

Gundi iliposhika nikaondoka kinyumenyume, macho yakiwa madhabahuni, hadi nje.

Nyumbani nilimkuta mke wangu amejikunyata kitandani, sauti imemkauka.

"Nilisinzia," akanong'ona. "Nikaota nakuita. Sikutaka kukuita. Kuna kitu kilinishika koo."

Sikumhubiria. Niliweka patasi mezani.

"Ni kali. Ukitaka."

Asubuhi mkono wake ulikuwa mtupu. Uzi wenyewe hatujauona hadi leo.

Siku hizi tunaketi wawili kwenye benchi lile. Nyuma yetu, mabenchi matupu bado yanalia.

Yalie. Hatugeuki.