Mteremko wa Rukaiya

Soko la Makambako asubuhi halimsubiri mtu. Malori ya Songea yanapiga honi, wauza viazi wanaitana, na ukizubaa unakanyagwa. Katikati ya patashika hiyo Rukaiya binti Mansoor alikuwa akishuka na kiti mwendo chake kutoka dukani kwake, dera la zambarau amelikunjia mapajani lisiingie kwenye matairi.

"Pisha! Pisha hapo, kaka!"

Kaka mwenyewe alikuwa na makaratasi marefu kwapani, anaongea na simu. Hakupisha. Tairi likamgonga kisigino.

"Dada, leseni umekata wapi?"

"Na wewe masikio umeyaacha wapi?"

Akageuka. Simu ikabaki inaongea peke yake mkononi.

"Ruki?"

Alikuwa Badru. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo tangu familia yao ihame nyumba za reli. Rukaiya alicheka mpaka wapita njia wakamshangaa. Ah, nyumba za reli! Miguu yake haikuwahi kumbeba tangu utotoni, lakini watoto wa pale walikuwa na kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi, na msukumaji alikuwa Badru. Jioni, vumbi, mlio wa beringi kwenye lami, Rukaiya mbele akipiga kelele, "Ongeza! Ongeza!" Mpaka siku walipotumbukia mtaroni, yeye akashonwa paji la uso na Badru akachapwa hadi majirani wakaingilia kati. Kigari kikachomwa moto. Ukubwani Rukaiya alipata duka, vitenge na heshima, na bado angetoa chochote arudishiwe jioni moja tu ya zile.

Badru sasa alikuwa mchora ramani, anaishi Njombe.

"Vijana wa kule wamepewa kiwanja njia ya Yakobi," alisema, akiyapapasa makaratasi. "Nachora uwanja wa skeiti. Vibao vya magurudumu, viatu vya matairi, baiskeli, viti mwendo. Mzima na mlemavu, wote."

"Na mimi?"

"Unadhani nilikuwa namfikiria nani nikichora?"

Haya, mwanamke gani angerudi dukani akiwa na akili zake baada ya hapo?

Zikaanza simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Huko vipi?"

"Baridi mpaka penseli inatetemeka. Nahitaji mtu wa kunipashia chai."

"Nunua chupa ya chai."

"Ruki, nataka kumtuma mjomba Hassani kwa mzee wako."

Rukaiya alikunja kitenge kimoja kwanza, ili asionekane ana haraka. "Mtume."

Siku ya kuonyesha ramani, Rukaiya aliingia ukumbini Njombe na baibui jipya, ndani yake masweta mawili. Ramani ilijaa ukuta: mabonde ya zege, kona, miteremko. Kwenye pembe moja palikuwa na kipande cha tambarare kilichozungushiwa chuma, kimeandikwa "Wenye mahitaji maalumu".

"Hapa ni wapi?"

"Hapo ni pako," Badru alisema kwa fahari. "Nimeweka uzio, hakuna atakayekugonga."

"Mbuzi wa nani atafungwa humo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ruki, nataka uwe salama tu."

"Ulinisukuma nikisema ongeza, leo unanijengea zizi? Na nyumba utakayoniweka umeichora hivi hivi?" Akageuza kiti. "Mwambie mjomba Hassani asije."

Simu iliita wiki nzima, na nyingine. Rukaiya aliilaza kifudifudi na kulia nyuma ya majora ya vitenge. Alimpenda, hilo ndilo lililomuuma. Lakini kuolewa ili awe mgonjwa wa mtu, hapana.

"Pokea basi," dada yake Salha alimwambia, "hata umtukane."

Akapokea.

"Sina ramani, Ruki. Nimeichana. Njoo unichoree wewe."

"Nitachora na nini?"

"Wewe njoo."

Ukungu wa Njombe ulikuwa ndiyo kwanza unanyanyuka. Kilima kilikuwa kimelimwa majani na kushindiliwa, na kule juu, Rukaiya alipofika, Badru alikuwa akimsubiri huku Danford, fundi wa zege, akimwaga chokaa.

"Kamwene, dada," Danford alimsalimia.

"Kamwene. Chokaa ya nini?"

"Mafundi tunachora msingi kwa chokaa," Badru alijibu. "Pitisha matairi humu, kisha shuka unavyotaka. Yatakapopita, ndipo zege litapita."

"Na wewe?"

"Nitabaki hapa. Sitakushika. Naogopa tangu siku ile ya mtaro. Kila ukishuka naona damu."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Hasira ya Rukaiya ikapungua palepale.

"Mimi nilishonwa, nikapona. Wewe ndiye hujapona, Badru."

Akajiachia. Baridi ilimpiga usoni, mstari mweupe ukamfuata nyuma, akalala na kona ya kwanza, akalala na ya pili, akapiga kelele kama zamani. Kona ya mwisho tairi likazama. Kiti kikapinduka, na kiwiko kikamchubuka.

Danford alitaka kukimbia. Badru akamdaka shati.

"Mwache! Hajaita!"

Rukaiya alikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akimtazama. Mwanaume mzima na fulana yake ya reflekta, analia waziwazi, na hajasogea hata hatua moja. Kisha akajivuta, akakisimamisha kiti, akakipanda mwenyewe na kujikung'uta vumbi.

"Badru!"

"Naam!"

"Kona hii kali mno. Ipanue!"

"Nitaipanua!"

"Na mjomba Hassani..."

"Sisikii!"

"Mwambie Ijumaa baba yupo!"

Hapo ndipo Badru alipokimbia, akishukia pembeni asiikanyage chokaa.