Laptop Iliyowaka Dukani Tu

Mkanda wa mkoba ulikatika kwenye ngazi za jengo la maduka ya simu, saa nane na nusu mchana, wanaopanda na wanaoshuka wakisukumana kana kwamba wote wanakwenda kuzima moto. Muuguzi alisikia uzito ukimtoka begani. Hakupiga kelele. Alikuwa ametoka zamu ya wodi ya wazazi iliyoanza alfajiri, wanawake wanne wamejifungua mikononi mwake, na hata nguvu ya kushtuka hakuwa nayo. Alisema moyoni tu, "Ee Mungu, na hiki nacho."

Mkoba haukufika chini. Mwanamume aliyekuwa ngazi mbili nyuma yake aliudaka kwa mikono yote miwili akaukumbatia kifuani.

"Taratibu," alisema, kama anaubembeleza mkoba wenyewe. Kisha akainua macho. "Ni laptop?"

"Ilikuwa laptop. Siku hizi ni mzigo."

"Ina umri gani?"

"Miaka kumi na mmoja. Kaka yangu alinipa alipochoka nayo."

"Na wewe umechoka nayo?"

"Mimi nimechoka na kila kitu. Naomba mkoba wangu."

Alimpa bila ubishi. "Duka langu ni la mwisho kulia, Sista. Nina kigoda na nina feni. Njoo ukae dakika mbili. Ukiniona tapeli, ngazi ziko palepale."

Si laptop iliyompeleka. Ni kigoda. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimeisha visigino, na sketi ya sare ilikuwa na doa la dawa ambalo halikutoka wiki nzima. Yule fundi naye hakuwa wa kupendeza kwa mbali: shati la mistari lililokunjwa mikono, bisibisi mfukoni, miwani ya kukuzia vitu vidogo imepandishwa kwenye paji la uso kama macho ya akiba. Lakini alipofika dukani alifuta kigoda kwanza, ndipo akafuta meza.

Duka lilikuwa na upana wa kitanda. Mbele yake, ng'ambo ya ujia, mwanamke mnene mwenye kucha nyekundu aliuza makava ya simu na kusikiliza mazungumzo ya watu wote. Jengo zima lilimwita Mama Makava, na fundi walimwita Taratibu.

"Haya," alisema Taratibu. "Inachukua muda gani kuwaka?"

"Naiwasha, naenda kuoga, narudi, navaa, nachana nywele. Bado inazunguka."

"Unaitumia kwa kazi gani?"

"Masomo ya jioni. Ninasomea stashahada. Kazi yangu ya mwisho iko humo, kurasa arobaini, na inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipoipeleka, narudia mwaka."

Fundi aliacha kutabasamu. "Mashine hii si mbovu. Imebebeshwa mfumo mzito kuliko mgongo wake. Kuna mfumo mwingine, unaitwa Linux. Mwepesi, na ni wa bure."

"Vya bure navijua. Mume wangu wa zamani alikuwa wa bure."

Mama Makava alicheka mpaka akashika kaunta. Taratibu alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, na Muuguzi akashangaa kujikuta anasubiri acheke tena.

Kazi ile ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza alifungua mashine, akatoa kwenye feni vumbi lililoganda kama pamba, akanakili kurasa arobaini mahali salama mbele ya macho ya mwenye nazo. Akauunga pia mkanda wa mkoba kwa waya mwembamba, bila kuombwa. Siku ya pili laptop ilikataa kabisa kusoma flashi yenye Linux. Ikawashwa na kuzimwa mara kumi na mbili, hadi akagundua kitufe cha kubonyeza na sekunde ya kukibonyeza. Kisha kioo kikawa cheusi. Kisha ikakataa kuona waifai, akaazima waya mrefu kutoka duka la tatu.

"Ina ujeuri," alisema Muuguzi.

"Ina uzee. Kitu kizee kinataka uulize vizuri."

"Na wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na mbili. Niulize vizuri."

"Fundi, fanya kazi," alidakia Mama Makava kutoka ng'ambo. "Mwenzio ana darasa saa kumi na moja."

Muuguzi alikuja kila siku baada ya zamu, akakaa hadi saa kumi na nusu. Siku ya tatu, huku maandishi meupe yakipanda kwenye kioo, alimweleza fundi jambo ambalo hata wenzake wa wodini hawakulijua. Yule mume wa zamani alimficha vyeti vyake vya shule miaka sita. Kila alipotaka kuomba nafasi ya masomo, mume alimsaidia kuvitafuta, akainua magodoro, akampa pole. Vyeti vilikuwa ndani ya spika ya redio yake.

"Hakunipiga hata siku moja," alisema. "Alinifanya nimhitaji tu. Mimi naweza kumsamehe mtu chochote, Fundi, ila hicho."

Taratibu aligeuza feni ikamwelekea yeye. Muuguzi aliegemeza kichwa ukutani kupumzisha macho, na alipoyafungua, dakika arobaini zilikuwa zimepita, koti la fundi liko magotini pake, na laptop iko mezani na picha mpya ya bluu, kurasa arobaini zimerudi ndani, imetulia kama mtoto aliyenyonya.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ilimaliza. Wewe hukuwa umemaliza."

Alitembea kwenda darasani na joto kifuani asilolitaka. Njiani aliomba, kwa maneno machache kama kawaida yake: Mungu, mimi sijakuomba mwanamume. Nimekuomba mashine iwake.

Nyumbani haikuwaka.

Kioo cheusi, mstari mmoja mweupe: hakuna kifaa cha kuwashia. Akazima, akawasha. Mstari uleule. Akapiga simu.

"Fundi, mgonjwa wako amefia nyumbani."

"Haiwezekani. Niliiwasha mara mbili nikaiona ikiwaka."

"Basi inakupenda wewe."

"Ilete kesho, Sista. Usihangaike nayo."

Kesho yake Taratibu aliiweka mezani, akachomeka flashi yake ili aipime, akabonyeza kitufe. Ikawaka kwa sekunde ishirini. Alikuna kichwa. Akaifungua, akaona waya mmoja umelegea kidogo, akaukaza, akasema huenda ndio huo. Muuguzi akaondoka, akafika nyumbani, akabonyeza. Cheusi.

Siku iliyofuata alipanda tena ngazi. Taratibu alichomeka flashi, akabonyeza, ikawaka. Sasa hata yeye hakutafuta waya wa kukaza.

"Jamani, hiyo mashine ina akili," alisema Mama Makava, akipanga makava yake. "Imeshajua mwenye duka anataka nini. Mimi nilishasema, huyu mama atarudi mpaka azoee."

Ulikuwa utani. Sauti yake ilikuwa ya utani, na kucha zake nyekundu zilikuwa zinameremeta kwa furaha ya utani. Lakini Muuguzi alitazama laptop inayowaka kwa mtu mmoja tu duniani, akaitazama feni iliyogeuzwa, koti, kigoda kilichofutwa, na ndani yake kitu kikafungwa kama mlango wa chuma.

"Ulimwambia nitarudi?" aliuliza Muuguzi kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Ulimwambia huyu mama kwamba utanirudisha?"

"Sista, hata. Mimi mwenyewe sielewi kwa nini..."

"Kwako inawaka, mara ya tatu hii. Kwangu haiwaki." Alikuwa ameshaifunga, anaiingiza mkobani. "Nilikueleza habari za vyeti vyangu, Fundi. Nilikueleza kwa mdomo wangu."

"Nipe nusu saa niipime bila..."

"Nimechoka," alisema, na halikuwa neno la hasira. Lilikuwa neno la mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake. "Sina hata nguvu za kukugombeza."

Fundi wa ghorofa ya chini alimwambia dawa ni kufuta kila kitu kilichomo na kuanza upya. Muuguzi akakataa. Nakala ya kazi yake ilikuwa dukani kwa Taratibu, na huko hakutaka kwenda kuomba. Usiku huohuo alichukua daftari akaanza kuandika upya kurasa arobaini kwa mkono, akikumbuka alichokumbuka. Taratibu alipiga simu Jumamosi, hakupokea. Akapiga Jumapili. Jumatatu dada yake mkubwa, aliyekuja kumtembelea, aliona jina kwenye simu likiitaita.

"Huyu Fundi Taratibu ni nani, mdogo wangu?"

"Fundi."

"Fundi gani anapiga mara nne na hakuna anachokudai?"

"Dada, acha."

"Naacha. Ila hiyo sura yako si ya mtu aliyeharibikiwa na laptop."

Kufikia Jumatano alikuwa ameandika kurasa kumi na saba. Kidole cha kati kilikuwa na uvimbe. Alipotoka zamu saa nane, mlango wa wauguzi ulikuwa umejaa kama kawaida, sare za kijani zikitoka na sare za kijani zikiingia, na pembeni, kwenye benchi la saruji karibu na chumba cha kufulia mashuka, alikaa mwanamume mwenye miwani kwenye paji la uso. Alikuwa amesahau kuivua. Alionekana hajalala siku kadhaa.

Muuguzi alitaka kupita. Miguu ikakataa; ilikuwa imesimama tangu alfajiri.

"Sikuja kuomba mashine," alisema Taratibu bila kuinuka. "Nimekuja kukuletea hii." Kiganjani mwake ilikuwepo flashi, nyeusi, imefungwa utepe mwekundu. "Jana nilitaka kumwekea mteja mwingine Linux kwa flashi hii. Ikakataa. Ikaandika kwamba inatafuta diski, na namba ndefu. Nikaitazama ile namba. Ni ya diski yako, Sista."

"Sema Kiswahili."

"Unapoweka Linux, mwishoni inauliza swali moja. Kianzio kiwekwe wapi? Kianzio ndicho kinachoiamsha mashine. Kinatakiwa kukaa ndani ya laptop. Mimi nilikiweka kwenye flashi. Ndiyo maana dukani iliwaka. Kila ulipokuja nilichomeka flashi, na kila ulipoondoka nilibaki na flashi mfukoni. Nilibaki na ufunguo wako na sikujua ninao."

Muuguzi aliketi, si karibu sana. "Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na swali hilo hukulisoma."

"Sikulisoma."

"Kwa nini?"

Toroli la mashuka lilipita, magurudumu yakilia. Taratibu alisubiri lipite.

"Ulikuwa umelala. Kichwa kilikuwa kinateleza ukutani, nikawa naangalia kisidondoke. Swali likaja, nikabonyeza ndiyo huku nakutazama wewe. Hilo ndilo kosa langu lote. Kama ni kubwa, ni kubwa."

Muuguzi alimtazama vidole, vilivyochubuka, vyenye alama ndogo za moto wa waya.

"Kwa hiyo unataka niilete dukani uirekebishe," alisema hatimaye, na mlango wa chuma ndani yake ukasubiri jibu.

"Hapana." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Nimeandika hatua sita. Fundi yeyote atazifuata. Wewe mwenyewe utazifuata. Sitaki niiguse."

Laptop ilikuwa mkobani. Aliibeba kila siku kwa mazoea ya mtu asiyekata tamaa hata akitaka. Akaiweka magotini. Akachomeka flashi, akabonyeza, ikawaka, picha ya bluu. Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, kama hatua ya pili ilivyosema, akaandika ule mstari mmoja wa hatua ya nne, herufi moja moja, kwa kidole kisicho na uvimbe. Taratibu alikuwa amekaa juu ya mikono yake ili isije ikasaidia.

"Imeniambia imemaliza, hakuna kosa."

"Zima. Chomoa flashi. Uiweke mbali nayo."

Alimpa flashi. Akafumba macho kidogo, midomo ikatembea. Akabonyeza.

Nukta nyeupe zikazunguka. Kisha bluu. Akafungua faili: kurasa arobaini, zote, na kosa lake la tahajia kwenye kichwa cha habari likimsubiri palepale alipoliacha.

Alilia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko furaha, akajifuta kwa mkono wa sare. Taratibu alitazama upande wa mashuka kwa heshima.

"Basi," alisema baadaye. "Sasa huna shida na mimi tena, Sista."

"Ndiyo. Sina."

"Ikisumbua, hatua sita ziko hapo."

"Nimeziona. Mwandiko wako mbaya kama wa daktari."

Aliinuka, akapandisha mkoba begani, mkanda ukashika pale ulipoungwa kwa waya. Darasa lilikuwa saa kumi na moja. Zilibaki saa mbili na zaidi, na kilichobaki katika kazi yake kilikuwa ukurasa wa shukrani tu. Alipiga hatua tatu, akageuka.

"Kesho natoka saa nane."

"Najua."

"Nitapita dukani."

Taratibu alishusha miwani machoni, akaipandisha tena. "Kuna kilichoharibika?"

"Hakuna," alisema Muuguzi. "Hakuna hata kimoja. Nitakuja tu. Mwambie Mama Makava asiniwekee maneno, na wewe uniwekee kigoda."

Njiani aliomba, kwa maneno machache. Alishukuru kwa mashine. Kisha, kabla ya kusema amina, akasimama kwenye kivuko akisubiri magari yapite, akaongeza lile ombi jingine ambalo siku zote hakuwa ameliomba.