Kompyuta Iliyoendelea Kujibu

Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai ya Wamagana, Mzee Moffat, mwenyekiti wa kanisa, alifungua chumba cha kurekodia ibada akakuta meza tupu. Kompyuta ilikuwa imeibiwa, na mlango haukuwa umevunjwa.

Saa tatu alifika Sajenti Kafia kutoka Nyeri mjini. Aliambiwa kwamba funguo walikuwa nazo watu watatu: Moffat, mlinzi Gicheru, na Mama Murugi, mjane aliyetunza chumba cha kwaya.

"Afande, chukua tu Gicheru," Moffat alisema. "Ni yeye alikuwa hapa usiku."

"Sijaiba," Gicheru alisema. "Na nikilala seli, nani ataniandika kazi tena?"

Mama Murugi alimletea mlinzi chai na viazi vitamu. Alimwekea kikombe mkononi bila kumtazama usoni. Kafia aliuona wema huo, akayaona na macho yaliyokwepa.

Mezani palikuwa pamebandikwa utepe wenye namba ya kompyuta ile katika mtandao wa kanisa. Kafia aliunganisha laptopu yake na kisanduku kilichokutanisha nyaya zote za mtandao, akaandika ping, kisha namba hiyo.

"Hiyo ni nini sasa?" Moffat aliuliza.

"Napiga hodi. Mashine ikiwa imewashwa na imeunganishwa, itaitika."

Mstari wa jibu ukatokea, kisha mwingine.

"Mzee, kompyuta yako bado iko ndani ya ua huu."

Akaiacha laptopu iendelee kubisha hodi, akachomoa waya wa kibanda cha mlinzi. Majibu hayakukatika. Gicheru alishusha pumzi. Kafia akaurudisha, akachomoa wa ofisi ya mwenyekiti.

"Ati sasa unanishuku mimi?"

"Nashuku waya, mzee."

Majibu yaliendelea. Akachomoa wa chumba cha kwaya. Majibu yakakoma. Alipourudisha, yakaanza tena.

"Gicheru, kunywa chai yako hapo nje," alisema. "Mama, tufungulie."

Nyuma ya majoho, chini ya shuka, kompyuta ilikuwa ikinguruma taratibu, flashi imechomekwa.

"Kwa nini uliunganisha hata waya wa mtandao?" Kafia aliuliza.

"Nilichomeka kila kitu vile nilikuta," Mama Murugi alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa nikiacha moja, sauti ya Kinyua itapotea."

Kinyua, marehemu mumewe, ndiye aliyeongoza kwaya. Alhamisi kompyuta ingefutwa na kupelekwa shuleni.

"Nilikuomba mara mbili unihifadhie nyimbo zake, mwenyekiti. Ukasema ati nyimbo ni nyimbo, kwaya itarekodi zingine."

Moffat alitazama viatu vyake. "Nilisema hivyo," alikiri.

"Na Gicheru?" Kafia aliuliza. "Ungeacha alale seli?"

"Nilitaka kuirudisha leo jioni. Halafu mkamshuku yeye, mdomo ukakataa kufunguka."

"Basi ufunguke sasa. Enda umwambie mwenyewe. Mzee, nenda naye, na wewe uko na lako la kumwambia."

Nyimbo zilikuwa bado zinanakiliwa kwenye flashi. Kafia hakuizima kompyuta. Alivuta kiti karibu nayo, na kupitia dirishani akasikia Mama Murugi akieleza yote huku akilia, kisha Moffat akiomba msamaha.

Gicheru aliweka kikombe chini.

"Lakini mama," alisema mwishowe, "si ungeniambia? Hiyo kitu ni nzito. Ningekubebea."

Kafia akajifanya hakusikia.