Nyimbo za Ujana wa Baba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda saluni, Msusi alimwogesha baba yake. Mzee alikuwa fundi cherehani mstaafu, na sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Siku hizi kuoga kulikuwa vita. Mzee aling'ang'ania mlango wa bafu kwa mikono miwili.

"Niache. Sikujui wewe."

Maneno hayo yalimchoma Msusi, binti yake. Baba akiendelea kumwogopa, nani atamtunza?

Alikuwa amesikia kwamba muziki husaidia. Basi asubuhi moja akafungulia redio mpaka mwisho, runinga nayo ikibwabwaja, akaanza kuuliza.

"Baba, huu wimbo nani kaimba? Hebu kumbuka."

Mzee akaziba masikio, akalia.

Jirani yao muuguzi akabisha hodi. "Mdogo wangu, humu leo kuna mnada?"

Msusi akacheka, kisha machozi yakamtoka. Akaeleza yote.

"Usimpe mtihani," muuguzi akasema. "Akishindwa kujibu anaingiwa na hofu. Halafu hizi ni nyimbo zako. Tafuta alizopenda yeye ujanani. Mara nyingi hizo hubaki hata mengine yakipotea. Zima runinga, weka sauti ya chini, imba naye. Akikunja uso, zima, ujaribu baadaye."

"Atapona?"

"Hapana, haponi. Ila atatulia, na mtakuwa pamoja."

Msusi akampigia simu shangazi yake.

"Kaka yangu?" shangazi akasema. "Muziki wa dansi tu. Alikuwa akishona huku anaimba, mpaka wateja wanasahau kilichowaleta."

Akamtajia wimbo mmoja. Msusi akaukumbuka; aliusikia utotoni, akichezea vitambaa chini ya meza ya baba.

Kesho yake aliuweka kwenye simu, sauti ya chini, kabla hajagusa maji. Hakuuliza kitu. Aliimba tu, kwa sauti yake ya kukwaruza. Mguu wa mzee ukaanza kukanyaga sakafu, kama yuko kwenye cherehani. Kisha akaimba ubeti mzima bila kukosea neno. Akauachia mlango, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono upakwe sabuni.

Msusi akadakia kiitikio. Mzee akainua kidole.

"Unawahi," akasema. "Subiri gita limalize. Binti yangu naye huwahi hapo hapo."

Msusi akameza machozi, akaendelea kumsugua mgongo polepole. Gita likamaliza.

"Haya, sasa," mzee akasema, na wakaimba pamoja.