Nilisahau Muguka, Wambeti Akanichoma Mbele ya Daktari

"Tupa kazi yote ya Mbae. Haifai."

Aliyesema hivyo ni Wambeti, tunayekaa naye meza moja. Na mimi, Mbae mwenyewe, niko hapo hapo, chai mdomoni...

Wasee, hebu nisikizeni.

Tuko ofisi ya utafiti hapa Meru, sisi wawili kwa mkataba wa muda. Kazi ni kusaka kwa intaneti kila utafiti uliowahi kuandikwa kuhusu wajawazito wanaotafuna miraa, tuusome wote, tuseme kama watoto wao huzaliwa wadogo.

Kila mtu alifanya search yake. Nafasi ya kuajiriwa ilikuwa moja.

Sasa mnaelewa kwa nini chai ilinikwama.

"Haifai kwa nini?" akauliza Daktari Kailemia, bosi wetu.

"Kwa maneno ya kutafuta ameandika miraa, ameandika khat ya Kizungu. Muguka, ile miraa ya majani, hakuweka."

Mimi mtu wa Meru nikacheka. "Daktari, muguka ni miraa iliyokosa shule. Huyu ni wa Kiritiri kule Embu, anatetea shamba la muguka la babake."

Daktari akanisogezea laptop.

"Kompyuta haijui utani wenu. Ongeza hilo neno."

Nikaongeza. Nikabonyeza...

Makala zikamiminika. Za Embu, za Mbeere, zingine hata za Pwani. Kati yao utafiti mkubwa kuliko wowote niliokuwa nao, na unapinga jibu nililokuwa nimeshaandika.

Wambeti anaangalia kucha zake.

Nikasema kama ni kuanguka, tuanguke wote.

"Daktari, angalia na yake. Amebana search yake zije makala za kusomwa bure peke yake. Za kulipiwa zote ameacha nje."

Kucha zikasahaulika.

"Na wewe uliona hilo lini?" Daktari akaniuliza.

"Wiki jana," nikajibu, kabla akili haijafika.

Daktari akamgeukia mwenzangu. "Wambeti, ya muguka ulijua lini?"

"...Siku ya kwanza."

Daktari akafunga laptop polepole.

"Search ya mtu haipiti mpaka mwingine aikague. Ndiyo maana niliwaweka meza moja. Niliwaombea nafasi ya pili, na jana wakubwa wakakubali."

Tukatazamana.

"Zilikuwa zenu. Sasa natangaza zote mbili. Mkitaka, ombeni kama watu wengine."

Huko nje kwa ngazi Wambeti akaniuliza, "Ungeniambia lini?"

"Nikishaajiriwa. Na wewe?"

"Hivyo hivyo."

Kwa hivyo wewe unayejua mwenzako amekosea wapi, na umetulia ukingoja aaibike... mwambie leo. Mama mjamzito anayengoja hilo jibu hajui mnashindania kiti gani.

Tumeomba hizo nafasi, kila mtu akikagua barua ya mwenzake. Wambeti amenirudishia yangu asubuhi hii.

Imejaa wino mwekundu mpaka kwa jina langu.